Daraja Lililosombwa na Mvua Ndani ya Gereji

Simon Mwaipopo ana gereji lakini hana gari. Alipojenga nyumba yake Kihonda, Morogoro, fundi alimwambia kwamba mstaafu mwenye heshima zake hawezi kukosa gereji, naye akakubali, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva na hakuona sababu ya kubishana. Ila alikuwa dereva wa treni. Gereji ikakaa mwaka mzima na magunia mawili ya mkaa na baiskeli isiyo na mnyororo, mpaka siku mstaafu mwenzake, Deogratias Mloka, alipoingia kuazima kamba. Alisimama katikati, akaangalia ukuta wa huku, akaangalia ukuta wa kule, akasahau kamba.

"Hapa reli inaingia," alisema.

Ikaingia. Mpaka leo ni miaka sita, na meza ya mbao imezunguka kuta tatu za gereji hiyo, na juu yake kuna njia mbili za reli zilizotengenezwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya mianzi. Magurudumu yamekerezwa na fundi mmoja wa Msamvu ambaye hakuuliza ni ya nini, na mota zimetolewa kwenye deki za video zilizokufa. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu wazima watatu huingia humo na kufunga mlango. Majirani walishazoea.

Katika nchi hii reli za zamani ni za aina mbili, na hazielewani. Reli ya Kati, inayopita Morogoro mjini, ina upana wa mita moja kamili. Ile ya kwenda Zambia, inayopita Kisaki huko nyuma ya milima, imezidi mita kwa sentimita sita na ushee. Behewa la huku halipiti kule, na la kule halipiti huku. Mtu wa kawaida anaweza kuishi miaka themanini bila kulijua jambo hilo na asipungukiwe kitu. Lakini Deogratias alikuwa mtu wa Reli ya Kati kwa miaka thelathini na minane, na Simon aliendesha treni za njia ya Zambia kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo zile sentimita sita ndizo zilizojenga urafiki wao. Bila hizo wasingekuwa na la kuzungumza. Kuhusu reli mpya ya umeme, ambayo ni pana kuwashinda wote wawili, hawaizungumzii kabisa, kwa sababu ingewalazimu wawe upande mmoja.

Gerejini waliamua kupunguza kila kitu mara hamsini. Mita ya Deogratias ikawa milimita ishirini, na njia ya Simon ikawa ishirini na moja na kitu. Tofauti yote ikabaki unene wa sarafu, na utani haukupungua hata kidogo.

"Njia yako hiyo, Mkaguzi," Simon alikuwa akisema, "ni ya kubebea njegere. Treni ya watu inahitaji nafasi ya kuweka miguu."

"Dereva," Deogratias alimjibu, "yenu imepanuka kwa sababu aliyeipima alikuwa anasinzia."

Wa tatu wao ni Hafidha, fundi wa maabara ya fizikia chuoni Mazimbu, mwanamke wa miaka arobaini na mbili kutoka Tanga. Aliitwa siku moja kutengeneza umeme uliokuwa unamrusha Simon kila akigusa kituo cha Kisaki. Alitengeneza, akaambiwa asante, hakuondoka. Yeye ndiye aliyetengeneza Milima ya Uluguru kwa mifuko ya saruji na uji wa ngano, akaipaka kijani kitupu toka chini mpaka kileleni. Deogratias aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mwanangu, huu ni mlima wa wapi?"

"Uluguru, Mzee Mloka."

"Mashamba yako wapi?"

"Nimeweka msitu."

"Sawa. Na Waluguru wote umewahamishia wapi?"

Jumamosi iliyofuata Hafidha alikuja na vipande vya kitambaa, akavibandika ubavuni mwa mlima ngazi kwa ngazi, na juu yake akapanga kabichi za punje za uwele zilizopakwa rangi. Deogratias akainama, akaangalia sana, akasema kabichi zimepandwa karibu karibu mno.

Kanuni yao ni moja, na haina rufaa: anayeangusha treni ndiye anayechemsha chai. Ikianguka kwa kosa la uendeshaji, anachemsha aliyeshika swichi. Ikianguka kwa kosa la njia, anachemsha aliyetandika njia. Kwa kuwa Deogratias ndiye aliyetandika njia zote mbili, akiwa na cheo cha Mkaguzi wa Njia alichojipa mwenyewe na ambacho hakuna aliyekipinga, kila ajali ilikuwa na kesi, na kesi zilichukua muda kuliko safari. Simon alipatikana na hatia mara nyingi. Alikuwa hajawahi kukiri hata mara moja.

Deogratias alizaliwa Mgeta, juu milimani, mahali ambapo ukitaka kulaza sufuria lazima kwanza ulitafutie jiwe la kulizuia. Akiwa na miaka tisa aliteremka mjini na baba yake, kila mmoja na mzigo wake wa njegere kichwani, na wakafika wakati treni ya abiria inaingia stesheni. Watu wengine wakisimulia siku yao ya kwanza ya kuona treni, husimulia treni. Yeye alisema ile ilikuwa na kelele tu, na kelele hata kwao zilikuwepo. Kilichomshika ni njia. Hakuwahi kuona kitu kilichonyooka kwa urefu ule, vyuma viwili vinakwenda pamoja mpaka macho yanachoka na bado havijagusana wala kuachana. Baba yake alimwita mara tatu.

Alipofika miaka kumi na tisa aliingia kwenye gengi, yaani kikosi cha watu wa kutunza njia, akaanza kwa kubeba begani mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Akawa mnyapara wa gengi, halafu mkaguzi. Kazi ya mkaguzi ni kutembea. Alitembea juu ya kokoto na fimbo yake ya chuma ya kupimia upana, ambayo wenyewe wanaiita geji, anainama, anapima, anaandika, anatembea tena. Alipostaafu alikuwa na magoti mabovu na tabia ya kuangalia chini hata kanisani. Miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo alikaa na mkewe Yuliana kwenye kituo kidogo cha Mbagaro, ng'ambo ya Kilosa, nyumba sita za gengi, tangi la maji na mwarobaini mmoja. Watoto wao watatu walizaliwa pale. Siku hizi treni haisimami Mbagaro, na aliyepita huko mwaka jana anasema hata nyumba hazipo, umebaki mguu mmoja wa tangi.

Kwa hiyo Deogratias aliamua Mbagaro iwepo gerejini. Mwisho wa njia yake, ukishavuka daraja la mto, aliacha nafasi ya meza nzima. Alitengeneza nyumba sita kwa makopo ya dagaa, na nyuma ya nyumba ya tatu akaweka jiko la nje la Yuliana, na mbele yake kigoda ambacho ni robo ya kijiti cha kiberiti. Vitu hivyo alivitengeneza miaka mitatu iliyopita, wakati bado anaona.

Maana macho yalikuwa yameanza. Mtu aliyekulia Mgeta hashtuki akiona ukungu, na Deogratias alikaa miezi mizima akidhani ni hali ya hewa.

"Leo mawingu yameshuka," alisema asubuhi moja, amekaa kibarazani.

"Leo jua kali, Baba Faraja," Yuliana alimjibu. "Nimeanika mihogo."

Siku ile alijua, na kuanzia siku ile akawa mwongo. Alijifunza idadi ya hatua kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa Simon. Alijifunza kuwatambua watu kwa nyayo na kuwaachia wao waanze kusalimia. Haikufaulu siku zote. Kuna Jumamosi aliingia gerejini mapema, akaona mtu amesimama kimya karibu na mlango, akamngoja amwamkie, mtu hakuamkia. Deogratias akakasirika.

"Siku hizi hata shikamoo hamna?" alisema. "Nyumbani kwenu hakuna wazee?"

Lilikuwa koti la mvua la Simon, limetundikwa msumarini. Hafidha alikuwa ameinama chini ya meza anaunganisha nyaya, na alisema haraka, "Shikamoo, Mzee Mloka, samahani, nilikuwa sijakuona." Deogratias aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyesamehe, akaamini amepona.

Alichokiogopa si upofu. Upofu aliusikia kama jambo la watu wengine. Alichokiogopa ni Jumamosi moja ambayo Simon angeichukua geji mkononi mwake taratibu, kwa adabu, na kumwambia, kaa hapa mzee, utuelekeze. Mbagaro ilikuwa imebaki njia tu. Nyumba zipo, tangi lipo, mwarobaini upo, reli hazijafika. Alitaka azifikishe yeye, kwa mikono yake, kabla hawajajua. Akishafikisha, wamfanye wanavyotaka.

Geji za gerejini ni vibao viwili vidogo vya mpingo, virefu kama kidole. Chenye nukta nyekundu ni cha milimita ishirini, cha Reli ya Kati. Chenye nukta ya bluu ni cha Simon. Kila kimoja kilikuwa na msumari wake ukutani, chekundu kulia, cha bluu kushoto, na Deogratias hakuhitaji macho ili kuchukua cha kulia. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu, siku mbili kabla ya Idi, Hafidha alifanya usafi. Alipangusa kuta, akang'oa misumari iliyoshika kutu, na vibao vyote viwili akaviweka kwenye kopo la kahawa ili visipotee.

Deogratias aliingiza mkono kwenye kopo, akatoa kibao, akakisogeza kwenye balbu. Nukta aliiona. Rangi yake ilikuwa kama ya chai ya rangi, na kwa macho yake wakati huo kila kitu duniani kilikuwa na rangi ya chai. Akasema moyoni, nyekundu. Angeweza kumuuliza Hafidha, ambaye alikuwa hatua tatu kutoka pale. Hakuuliza.

Akatandika Mbagaro kwa Jumamosi tatu. Alitandika kwa vidole, taruma kwa taruma, kila taruma anasukuma kibao kati ya reli mbili mpaka kikae bila kucheza, kisha anaigandisha reli kwa gundi. Alikataa msaada. Jumamosi ya nne ikawa siku ya treni ya kwanza.

Simon alishika swichi. Kichwa cha treni kikatoka Kilosa na mabehewa manne, kikavuka daraja vizuri, kikaingia njia mpya na kudumbukia katikati ya reli. Wakakirudisha. Kikadumbukia. Mara ya tatu kilidumbukia kabla hata mabehewa hayajamaliza kuvuka.

"Dereva," Deogratias alisema, "unaendesha kama uko Kisaki. Punguza mwendo!"

Simon aliinama mpaka pua ikakaribia reli. Akanyoosha mkono kwenye kopo la kahawa, akatoa kibao kilichobaki, akakitazama, akakirudisha. Hafidha naye akainama. Deogratias alisikia tu kwamba wamenyamaza, na akajiandaa kwa kesi. Alikuwa na hoja nne.

"Ni kweli," Simon alisema. "Nimekosea mimi. Nilikuwa na haraka."

Akaenda kuwasha jiko la mkaa, akachemsha chai. Katika miaka sita kukiri kama huko kulikuwa hakujatokea. Deogratias alikunywa vikombe viwili akiwa na furaha kubwa, na nyumbani alimsimulia Yuliana mara mbili.

Jumamosi iliyofuata alipofika, Simon alimpokea mlangoni.

"Mkaguzi, kuna tatizo. Mvua imechukua daraja."

"Daraja lipi?"

"La kabla ya Mbagaro. Mto umejaa usiku."

Deogratias alipapasa meza mpaka alipofika mtoni. Kweli, daraja halikuwepo. Reli ilikuwa inaishia hewani, na ng'ambo inaanzia hewani. Sasa mtu mwingine angeuliza mvua gani hiyo inayonyesha ndani ya gereji yenye bati zima. Lakini Deogratias alikuwa amekaa njia ile miaka thelathini na minane, na karibu kila masika aliona mto umebeba daraja au tuta, abiria wanashuka na mabegi, wanavushwa, wanapanda treni nyingine upande wa pili. Jambo hilo alilielewa kuliko alivyoielewa misa. Kwake ajabu ingekuwa miaka sita ya Reli ya Kati bila daraja kuondoka.

"Nguzo zimebaki?" aliuliza.

"Hata moja," Hafidha alisema.

"Basi weka treni moja ng'ambo. Abiria wabadilishe."

"Ndivyo tulivyofanya, Mzee Mloka," Hafidha akasema. "Ile ya Mbagaro tumeshaiweka ng'ambo."

Akaagiza iandikwe kwenye daftari la ukaguzi. Hafidha akaandika.

Toka siku ile treni ya Mbagaro ilitembea kutoka mtoni mpaka kituoni na kurudi bila kuanguka hata mara moja. Kwa kuwa hakukuwa na ajali, Deogratias hakuchemsha chai siku zote za Aprili zilizobaki, wala Mei yote. Kila wiki aliuliza habari za daraja, na kila wiki Simon alisema vifaa havijafika. Hilo nalo aliliona la kawaida kabisa.

Lililomsumbua ni jingine. Simon alikuwa ameacha kumtania. Hakusema tena habari za njegere. Hakumwita Mkaguzi; alimwita Deo, kwa sauti laini, na akionyeshwa kitu alisema, "Vizuri sana, Deo, umefanya vizuri." Hafidha alimletea kiti chenye mto. Deogratias alijaribu kuchokoza mwenyewe, akasema njia ya Zambia imepanuka kama kiuno cha mama mkwe, na Simon akacheka kidogo tu, akasema labda ni kweli. Deogratias alirudi nyumbani siku hiyo akaacha ugali katikati.

"Simon anaumwa," alimwambia mkewe.

"Anaumwa nini?"

"Hanitanii."

Yuliana alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua, akatupa mawe mawili, akasema, "Labda siye anayeumwa."

Jumapili hiyo ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja, wanaotaka kupimwa wajiandikishe. Deogratias aliposimama kutoka nje aliambiwa jina lake lipo tayari, la tatu kwenye orodha, kwa mwandiko wa Yuliana. Alisema haendi. Alisema reli ni mbili na macho ni mawili, na hata jicho moja lingetosha. Yuliana alimwambia asipokwenda, Jumamosi atakwenda yeye gerejini na kuwaeleza jinsi mumewe anavyopaka mafuta ya taa kwenye mkate.

Akaenda, akisindikizwa na Simon. Kwenye foleni aliwasikiliza waliotangulia wakisoma herufi za ubaoni, akazikariri zote kwa mpangilio, na zamu yake ilipofika alizisoma bila kosa, kwa sauti kubwa. Muuguzi alisubiri amalize.

"Mzee, ubao nimeshautoa."

Simon, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake, hakusema kitu. Deogratias alimsubiri aseme. Kwa nafasi kama ile Simon wa zamani angemtania wiki tatu. Alimshika mkono tu, akamwongoza mlangoni, na ule mkono laini ndio uliomuumiza Deogratias kuliko sindano yoyote iliyofuata.

Walimtoa mtoto wa jicho la kulia mwezi wa sita. Kesho yake walipofungua bandeji, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Yuliana.

"Umezeeka," alimwambia.

"Nilizeeka zamani. Wewe ndiye hukuwepo."

Aliambiwa akae nyumbani wiki mbili, asiiname, asikaribie moshi. Alikaa wiki mbili na siku moja. Jumanne asubuhi alivaa viatu, akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, na akanyoosha mpaka Kihonda. Alijua siku hiyo Simon huenda sokoni, na mlango wa gereji haufungwi kwa ufunguo. Alikuwa amepanga jambo: atalijenga daraja peke yake, na Jumamosi wakifika wakute treni inavuka. Atawashangaza. Alikuwa na miaka sitini na tisa na alitembea karibu na kukimbia.

Aliingia, akasimama kuangalia kwanza. Milima ilikuwa kijani kweli. Kabichi zilikuwa karibu karibu vilevile. Nyumba ya tatu ya Mbagaro ilikuwa na kigoda chake. Kisha akainama chini ya meza kutafuta mbao za kujengea, jambo alilokatazwa, na nyuma ya magunia ya mkaa akakuta boksi la viatu.

Daraja lilikuwa ndani. Zima. Limefungwa kwa gazeti, nguzo zote sita, na skrubu zake kwenye kibahasha cha dawa kilichoandikwa kwa mwandiko wa Hafidha: *daraja, zisipotee*. Deogratias alilishika muda mrefu. Maji hayafungi kitu kwenye gazeti.

Hata hivyo alilirudisha mahali pake, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshakuja kwa kazi hiyo. Upande wa Kilosa uliingia sawasawa. Upande wa Mbagaro ukakataa. Reli moja ilikutana na mwenzake, ya pili ikapita pembeni, kwa unene wa sarafu.

Akaenda kwenye kopo la kahawa. Sasa nyekundu ilikuwa nyekundu na bluu ilikuwa bluu, na hakukuwa na namna ya kuzichanganya isipokuwa kwa mtu asiyeona. Kibao chekundu kilicheza kati ya reli za Mbagaro. Cha bluu kikakaa. Alipima mwanzo, alipima katikati, alipima mbele ya jiko la Yuliana, akapima mpaka mwisho. Ilikuwa kazi nzuri sana. Hapakuwa na mahali hata pamoja palipokosewa; ilikuwa imekosewa yote. Mkaguzi wa Reli ya Kati alikuwa ameijenga Mbagaro kwa upana wa Zambia.

Akakigeuza kichwa cha treni, akageuza mabehewa, moja baada ya jingine. Kwenye kila ekseli, kile kijiti cha chuma kinachounganisha magurudumu, kulikuwa na alama ndogo za nyundo, pale gurudumu lilipogongwa likasogea nje. Yote, kushoto na kulia, kwa usawa, na rangi imepakwa juu kufunika alama. Ni kazi ya siku nyingi, na hakuna aliyeiona ikifanyika. Deogratias akakaa kwenye kiti chenye mto. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Kisha haya hiyo ikapita, na kilichobaki kilikuwa kikubwa zaidi na hakukijua jina, ila alijua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfanyia kazi ya namna ile bila kumwambia.

Simon alimkuta amekaa hivyo. Aliingia na kikapu cha nyanya na bamia, akaona daraja, akaona boksi, akaona kibao cha bluu mkononi. Akaweka kikapu chini.

"Jicho linaonaje?" aliuliza.

"Vizuri. Daraja halikusombwa."

"Lilisombwa."

"Na mto gani ulionifungia daraja kwenye gazeti?"

Simon akakuna kidevu. "Gazeti ni wazo la Hafidha. Mimi nilisema tulitupe tu kwenye boksi."

"Mmejua toka lini?"

"Toka ulipoligombeza koti langu."

Deogratias akainamisha kichwa. Nje mtu alipita akiuza mchicha, akaita, akapita.

"Simon," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake ndani ya gereji ile, "miaka sita unaingoja siku hii. Nimetandika njia yenu kwa mkono wangu mpaka mlangoni kwangu. Kituo changu mwenyewe. Ulikuwa nayo mkononi miezi mitatu, hukusema."

"Ningesema nini, na wewe huoni?"

"Ungesema! Nilidhani nimeshakufa na mnaogopa kuniambia." Akamnyooshea kibao cha bluu. "Sasa naona. Shika geji yako. Sema."

Simon alikipokea kibao, akakigeuza geuza. Aliangalia Mbagaro, aliangalia mabehewa manne aliyoyagonga kwa nyundo ya fundi saa. Alikohoa. Kisha akavuta stuli, akakaa, akakunja nne.

"Mkaguzi," alisema.

"Naam."

"Jana nimemwota Mzambia mmoja ananiuliza, hivi yule mzee wa Kiluguru aliyetuongezea njia mpaka Mbagaro, mshahara wake tunautuma wapi?"

Deogratias alicheka mpaka jicho jipya likatoa machozi, na alikuwa amekatazwa hilo pia.

"Nang'oa yote Jumamosi," alisema alipoweza. "Taruma kwa taruma."

"Sikusaidii. Na magurudumu utayarudisha mwenyewe. Na ajali tatu za mwezi wa nne kesi yake nimeifungua upya, ni kosa la njia." Simon akanyoosha mkono akaonyesha jiko. "Chai."

Deogratias akainuka, akachukua mkaa kwenye gunia, akawasha jiko, uso ameugeuza pembeni kuukwepa moshi. Nyuma yake Simon alikuwa anaanza habari za njegere. Maji yalipochemka alikuwa bado anaongea.